Ada ya michezo tunalipa sawa. Hela inaenda wapi?



Muhula uliopita timu mbili za chuo chetu zilisafiri siku moja kwenda mashindano yale yale, mkoa wa jirani. Chuo sikitaji, bado nina mitihani ya kufanya pale. Timu ya mpira wa miguu ya wanaume ilipewa basi la chuo, maji, posho ya siku tatu na jezi mpya. Timu ya netiboli, ambayo mimi nacheza nyuma, ilipewa barua ya utambulisho. Nauli tulichanga. Jezi zilikuwa za mwaka juzi, na namba yangu ilishabanduka, nikaiandika upya kwa plasta ya dawa. Tulirudi washindi wa pili. Wao walitoka hatua ya makundi. Simtupii mtu dongo, natoa taarifa tu.

Nilipoenda kuuliza, mhusika alinijibu kwa upole kabisa: "Dada, mpira wa wanaume ndio unaotangaza chuo."

Sasa, ile ada ya michezo kwenye fomu ya kujiunga haina jinsia. Tunalipa sawa, shilingi kwa shilingi. Lakini kilichonikaa kichwani zaidi ni lile jibu lenyewe, kwa sababu nilishalisoma mahali. Hoja hiyo hiyo ilipelekwa kwenye Seneti ya Marekani mwaka 1974, na mwishowe ikatupwa. Nataka niwasimulie ilitupwaje, maana humo ndani kuna kitu ambacho chama chetu kinaweza kukibeba.

Tarehe 23 Juni 1972 Rais Richard Nixon alisaini marekebisho ya sheria za elimu. Ndani yake kulikuwa na sehemu inayojulikana mpaka leo kama Title IX, yaani Sehemu ya Tisa. Kiini chake ni sentensi moja, maneno 37 ya Kiingereza. Kwa lugha yetu ya kawaida inasema kwamba mtu yeyote asizuiwe, asinyimwe faida wala asibaguliwe kwa sababu ya jinsia yake kwenye programu ya elimu inayopokea hela ya serikali kuu. Basi. Neno "michezo" halimo kabisa.

Walioisukuma kule bungeni, akina Edith Green wa Oregon, Patsy Mink wa Hawaii na Seneta Birch Bayh wa Indiana, walikuwa wanawaza zaidi udahili na ajira. Mink mwenyewe aliomba shule za udaktari zikamkataa kwa sababu ni mwanamke, akaishia kusoma sheria. (Hasara ya hospitali, faida yetu sisi wa sheria.) Ila kule michezo ya vyuoni ni sehemu ya elimu, na hela ya serikali inaingia chuoni kwa njia nyingi. Wakubwa wa michezo walipopiga hesabu wakashtuka.

Ndipo Seneta John Tower wa Texas akaja na pendekezo: michezo inayoingiza mapato iondolewe kwenye sheria hii. Kwa kule ina maana futiboli yao ya Kimarekani na kikapu cha wanaume. Ukiangalia, ni "ndio unaotangaza chuo" ya kwetu, imevaa suti. Pendekezo likapita Seneti. Lilipofika kwenye kamati ya pamoja ya mabunge yao mawili likaondolewa, na badala yake wakaweka kifungu kinachosema kanuni zizingatie hali ya kila mchezo. Yaani gharama za kofia ngumu na vifaa vya futiboli zinaeleweka, lakini kuingiza mapato hakukupi ruhusa ya kubagua. Kanuni zikatoka 1975.

Msidhani vyuo vilitii. Mwaka 1976 pale Yale, chuo tajiri kwelikweli, wanawake wa timu ya kupiga makasia walikuwa hawana bafu mtoni. Wanaume walikuwa nalo. Wakimaliza mazoezi kwenye baridi ile, wanawake wanakaa kwenye basi wameloa, wanawasubiri wanaume waoge ndipo warudi wote. Tarehe 3 Machi 19 kati yao wakaingia ofisi ya msimamizi wa michezo ya wanawake, wakavua sweta, na kwenye miili yao mitupu walikuwa wameandika "Title IX". Nahodha wao, Chris Ernst, akasoma tamko. Walikuwa wamekuja na mwandishi wa habari, na stori ikatoka New York Times. Mabafu yakapatikana.

Mimi siwaambii mvue sweta. Nataka muone kwamba sheria ilishakuwepo miaka minne na bado watu walikuwa wanaloa.

Kilichoipa sheria meno ni vitu vitatu, na ni vya kawaida, havina mbwembwe. Cha kwanza ni kipimo. Mwaka 1979 serikali ilitoa mwongozo wenye njia tatu za chuo kujitetea: uwiano wa wachezaji wa kike uendane na uwiano wao kwenye udahili, au chuo kionyeshe kimekuwa kikiongeza nafasi zao mfululizo, au kithibitishe kwamba hamu na uwezo wa wanawake waliopo umeshatoshelezwa kikamilifu. Njia moja inatosha. Ufadhili wa masomo kwa wanamichezo nao ufuate uwiano wa wachezaji. Sasa mtu akisema "tunajitahidi", unamuuliza: kwa njia ipi kati ya hizo tatu?

Cha pili, mahakama. Mwaka huo huo wa 1979 Mahakama ya Juu ilisema mtu aliyebaguliwa anaweza kushtaki mwenyewe, asisubiri wizara imuonee huruma. Mwaka 1992 ikaongeza kwamba anaweza kulipwa fidia. Hapo katikati palikuwa na vita: mwaka 1984 mahakama hiyo hiyo iliibana sheria mpaka michezo ikabaki nje, Bunge likatunga sheria ya kuirudisha, Rais Reagan akakataa kusaini, na mwaka 1988 Bunge likampita. Bunge kumpita Rais. Someni tena hiyo sentensi polepole, halafu tuendelee.

Kesi ninayoipenda ni ya Chuo Kikuu cha Brown. Mwaka 1991 chuo kilisema kinabana matumizi, kikazishusha hadhi timu nne: mbili za wanawake, voliboli na jimnastiki, na mbili za wanaume, gofu na polo ya majini. Mbili kwa mbili, nani atalalamika? Ila ukifungua mahesabu, timu za wanawake zilinyang'anywa kama dola 62,000 kwa mwaka, za wanaume kama dola 16,000. Na wakati huo wanawake walikuwa karibu nusu ya wanafunzi, lakini hawafiki asilimia 40 ya wachezaji. Mcheza jimnastiki Amy Cohen na wenzake wakaenda mahakamani.

Utetezi wa chuo mtautambua mara moja, maana kila mmoja wetu ameshausikia: wanawake hawana hamu ya michezo kama wanaume, kwa hiyo wakipewa kidogo ni haki yao. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ikaukataa. Ilisema kwa kirefu, nami nafupisha, kwamba hamu haiishi peke yake hewani, inakua pale nafasi ilipo. Ukimnyima mtu uwanja miaka 20, usije kumpima kwa kumuuliza kama anapenda kucheza. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ilikataa hata kuisikiliza rufaa ya Brown.

Na takwimu ziko upande wa Amy. Mwaka 1972 wasichana wa sekondari waliokuwa wanacheza kwenye timu za shule kule Marekani walikuwa chini ya 300,000. Leo ni zaidi ya milioni 3. Hamu yote hiyo ilikuwa imejificha wapi? Na yule anayesema hakuna anayeangalia: Hasheem Thabeet wetu alicheza Chuo Kikuu cha Connecticut kabla ya kuchaguliwa wa pili NBA mwaka 2009. Timu ya wanaume ya chuo hicho ina ubingwa wa taifa mara 6. Ya wanawake ina mara 12.

Cha tatu ndicho kidogo kuliko vyote, na ndicho nakipenda kuliko vyote. Mwaka 1994 Bunge lao lilitunga sheria nyingine fupi: kila chuo kitoe taarifa kila mwaka, kina wachezaji wangapi wa kike na wa kiume, kinatumia kiasi gani kwa timu za kila jinsia, makocha wanalipwaje. Zinawekwa hadharani. Mwanafunzi akiwa hosteli na simu yake anafungua na kuona.

Ujanja ulikuja, bila shaka. Mwaka 2010 jaji mmoja wa Connecticut aliamua kesi ya Chuo Kikuu cha Quinnipiac, kilichotaka kuifuta voliboli ya wanawake. Ikabainika chuo kilikuwa kinajaza majina ya wanawake kwenye timu kabla ya tarehe ya kuripoti, halafu kinawapunguza baadaye, na kwa wanaume kinafanya kinyume. Sisi tuliwahi kuwa na wafanyakazi hewa, wao wakawa na wachezaji hewa. Lakini angalieni: walikamatwa kwa sababu kulikuwa na daftari la kukamatia.

Tusidanganyane kwamba kule ni peponi. Sheria hii hailazimishi bajeti ziwe sawa, na vyuo vinautumia mwanya huo vizuri tu. Vyuo vingine vilifuta timu za wanaume, hasa mieleka, badala ya kugusa futiboli, kisha vikawaambia vijana wa mieleka wawalaumu wadada. Halafu mwaka 1972 zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni zilikuwa na makocha wanawake. Leo hawafiki nusu: hela ilipokuja kwenye timu, wanaume nao wakaja.

Na sasa hivi kuna mvutano mpya. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu kila chuo kikubwa kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Zigawanywe vipi? Januari mwaka huo, serikali ya Biden ikiwa mlangoni inatoka, wizara ilitoa waraka: malipo hayo ni kama ufadhili mwingine, Sehemu ya Tisa inahusika. Februari serikali ya Trump ikaufuta. Mwezi mmoja! Wanamichezo wa kike wakakata rufaa, wakidai kwamba fidia ya malimbikizo nayo imepangwa kwenda karibu yote kwa wanaume. Waraka ulifutwa ndani ya mwezi mmoja. Sentensi ya 1972 bado ipo na ndiyo wanayoisimamia mahakamani.

Sisi tunalijua hilo bila kwenda mbali. Wasichana waliopata ujauzito walizuiwa kurudi shule kwa msimamo wa mkubwa mmoja, na Novemba 2021 wakaruhusiwa kwa tamko la waziri. Nilifurahi, kama kila mtu. Lakini haki inayoletwa na waraka huondoka na waraka.

Mtu atasema haya mambo ya Wamarekani yanatuhusu nini. Kwanza, yameshatulipia. Ile sharti ya ufadhili kufuata uwiano iliwapa wasichana wengi wa Afrika Mashariki nafasi ya kusoma wakikimbia. Sally Kipyego wa Kenya alisoma Texas Tech, akabeba mataji 9 ya taifa ya vyuo, kisha fedha ya Olimpiki London 2012. Sharon Lokedi alisoma Chuo Kikuu cha Kansas, akaja kushinda marathoni ya New York 2022 na Boston 2025. Vyuo vyenye wanaume wengi wa futiboli vinahitaji wanawake kwenye vitabu vyao, na mbio ni mahali pazuri pa kuwapata. Wabunge wa 1972 hawakumuwaza msichana wa Bonde la Ufa, lakini sentensi yao ilimfikia.

Pili, sisi tuna maneno mazuri kuliko yao. Ibara ya 13 ya Katiba yetu inakataza ubaguzi, na tangu marekebisho ya mwaka 2000 neno "jinsia" limo. Wamarekani mpaka leo wanalo hilo neno kwenye katiba yao kwa haki ya kupiga kura tu. Maneno tunayo. Daftari hatuna, maana hakuna sheria yetu inayofanana na ile ya 1994. Na mlango wa mahakama ulibanwa.

Hapa naomba mnivumilie kidogo na usheria wangu. Ibara ya 26(2) inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba. Kwa mlango huo Mchungaji Mtikila aliingia, na mwaka 2016 Rebeca Gyumi akaingia kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu msichana aolewe chini ya miaka 18. Alishinda Mahakama Kuu. Serikali ikakata rufaa, Oktoba 2019 ikashindwa tena. Mwaka uliofuata Bunge likairekebisha sheria ya utekelezaji wa haki za msingi: mlalamikaji akatakiwa aeleze kwenye kiapo jinsi ukiukwaji ulivyomgusa yeye binafsi. Rebeca wa pili angeulizwa kwanza, wewe mwenyewe umeolewa na miaka 14?

Kwa michezo chuoni maana yake ni hii. Mwanafunzi anakaa miaka mitatu, sheria minne. Kesi ya Brown ilifunguliwa 1992 na makubaliano ya mwisho yakaja 1998. Amy Cohen alishahitimu zamani. Kesi haikufa kwa sababu aliifungua kwa niaba ya wanafunzi wote wa kike wa chuo kile, waliopo na watakaokuja. Hata mwaka 2020 Brown ilipojaribu tena kufuta timu, wanawake walirudi na makubaliano yale yale mkononi, na timu mbili zao zikarudishwa. Hapa kwetu chama cha wanafunzi, asasi ya wanawake, hata wakili mwenye moyo, kwa marekebisho yale hakuweza kusimama kwa ajili yangu bila kwanza kuonyesha yeye mwenyewe kaumia wapi. Alibaki mchezaji mmoja, peke yake, dhidi ya watu wanaosahihisha mitihani yake. Ndiyo maana chuo sijakitaja.

Kwa hiyo ilani ijayo, nawaomba wanaoiandika, isiishie kwenye "tutainua michezo ya wanawake". Tumeshaisikia kwa kila chama. Iandikwe kwamba tutafuta yale marekebisho ya 2020, na kwamba kila chuo kinachopokea ruzuku ya serikali kitatangaza kila mwaka kimekusanya kiasi gani cha ada ya michezo na kimekitumiaje kwa wanawake na wanaume. Hiyo ya pili haina gharama, ni karatasi mbili tu. Sijaomba bajeti sawa kesho asubuhi. Naomba kuiona.

Na nyumbani tufagie. Bonanza la vijana la jimbo letu mwaka jana, mshindi wa mpira wa wanaume alipewa mbuzi. Sisi wa netiboli tulipewa kreti moja ya soda, na baadhi ya makamanda wetu wakatusaidia kuinywa. Ruzuku ya chama nayo ni hela ya umma. Nani atafungua daftari letu?

Wakati tunasubiri ilani, kuna kitu kimoja kinachowezekana leo. Tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Raia yeyote anaweza kuiandikia taasisi ya umma akaomba taarifa, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Chuo chetu ni cha umma. Tumeandika barua, tumesaini kumi na mmoja: saba wa netiboli, wawili wa kikapu, na kaka wawili wa mpira wa miguu ambao wao wenyewe walisema lile basi liliwatia aibu. Tumeuliza maswali manne. Ada ya michezo iliyokusanywa mwaka jana ni kiasi gani? Timu za wanaume zilitumia ngapi? Za wanawake ngapi? Nani aliidhinisha?

Nakala yetu imegongwa muhuri wa masjala. Leo ni siku ya 17. Ukitaka mfano wa barua kwa ajili ya chuo chako, acha ujumbe hapo chini nikutumie, ubadilishe jina la chuo na tarehe tu. Jibu likija, au lisipokuja, nitaliweka hapa hapa.